Punda wa Mefiboshethi

Mafundisho kwa sharika, juu ya Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 9, wa 16 na wa 19



Wengi wetu twamjua Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa mtoto wa miaka mitano habari mbaya zilipofika kutoka Yezreeli, ya kwamba baba yake na babu yake wamekufa vitani. Mlezi wake akamchukua akakimbia naye kwa haraka, mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Mtoto hakutenda dhambi, wala mlezi hakuwa na nia mbaya, alitaka kumwokoa. Jambo hili yafaa alikumbuke kila mama aliyeambiwa na majirani ya kuwa hali ya mwanawe ni malipo ya neno alilolifanya yeye.

Miaka ikapita. Daudi alipokwisha kuketi katika ufalme akauliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani rafiki yake. Akaambiwa yuko mmoja, naye akaa Lo-debari katika nyumba ya Makiri. Mfalme akatuma watu wakamlete. Tulitazame neno hilo: hakuagiza mtu yule ajikokote mwenyewe hata Yerusalemu. Akamrudishia mashamba ya babu yake, akampa mahali mezani pake sikuzote kama mmoja wa wana wa mfalme. Mahubiri mengi niliyoyasikia hukoma hapo, mezani, na ni mahali pazuri pa kukoma. Lakini aliyeandika kitabu hakuweka kalamu chini. Mlango wa 9 wamalizika kwa kurudia jambo tulilokwisha kuambiwa, kwamba mtu huyu alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Meza haikumponya. Alikula na mfalme, naye angali kilema.

Kisha iko habari ya punda, ambayo wahubiri huiruka. Absalomu alipoasi, Daudi akatoka Yerusalemu akikimbia. Njiani akamkuta Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, amekuja na punda waliotandikwa, na mikate, na divai. Akamwambia mfalme ya kuwa bwana wake amebaki mjini akingoja kurudishiwa ufalme wa babu yake. Mfalme akaamini, akampa Siba mali yote ya bwana wake, neno moja tu, pasipo kumsikia yule mwingine. Vita ilipokwisha Mefiboshethi akaja kumlaki Daudi, akaeleza ya kwamba alitaka atandikiwe punda apate kumfuata mfalme, kwa maana hawezi kwenda kwa miguu, lakini mtumishi wake akamdanganya na kumsingizia. Nani alisema kweli? Daudi hakulikata shauri. Aligawa mashamba nusu kwa nusu. Mimi namwamini Mefiboshethi, maana twasoma ya kuwa tangu siku ile mfalme alipoondoka hakukata ndevu wala hakufua nguo zake, na mtu anayengoja kutawazwa huoga.

Fikirini basi ubaya wa Siba. Hakumpiga bwana wake, hakumtia gerezani. Alimwacha tu pasipo punda. Na aliyemnyima kilema punda wake alimnyima miguu. Na alipokosa miguu alikosa kufika. Na alipokosa kufika hakuwa na kinywa mbele ya mfalme. Na pasipo kinywa akapoteza mashamba yake.

(Natumia neno kilema kwa kuwa ndilo tulilolizoea katika Maandiko. Siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, nami naona ni vema, maana lugha yetu ilikuwa imemweka kilema, kiwete na kiziwi katika ngeli moja na kiti na kisu, mbali na mtu na mtoto.)

Leo nataka kunena juu ya punda wa watoto wetu. Nanena juu ya viti, mbao na fito ambazo kwazo mtoto asiyeweza kukaa wala kusimama hufundishwa kuushika mwili wake usianguke. Labda mtasema hilo ni jambo la hospitali, si la gazeti la sharika. Nisikilizeni kwanza.

Mtoto mwenye afya hujifunza kusimama bila kufundishwa na mtu. Kwanza hukaza shingo, yapata mwezi wa tatu au wa nne. Kisha hukaa mwenyewe, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Kisha hujivuta akashika ukingo wa kitanda, na atimizapo mwaka, au kupita kidogo, huachilia mikono akaenda. Twadhani ni kazi ya miguu. Sivyo. Ndani kabisa ya sikio Mungu ameweka mifereji mitatu midogo yenye maji, kila mmoja umeelekea upande wake. Kichwa kikiinama maji husogea, na habari hupelekwa ubongoni. Macho nayo hupeleka habari zao, na nyayo, na magoti, na vifundo vya miguu. Ubongo huzikusanya habari hizo zote na kuiagiza misuli, huu ukaze, huu ulegee, pasipo kupumzika, hata wakati tusimamapo tu kanisani tukiimba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoa shukrani kwa ajili ya kazi hiyo, kwa kuwa hatukujua ya kuwa yafanyika.

Lakini wako watoto ambao ubongo wao uliumia mapema. Wengine waliumia tumboni mwa mama. Wengine walikosa hewa kwa sababu uchungu ulikawia mno na hospitali ilikuwa mbali. Wengine walizaliwa kabla ya wakati wao, au walipata manjano kali siku za kwanza isitibiwe, au walishikwa na homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Kwa watoto hao maagizo ya ubongo hufika yamevurugika: misuli yakazana isipotakiwa, au yalegea inapotakiwa kukaza. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Si ugonjwa wa kuambukiza. Jeraha lenyewe la ubongo halizidi kukua, wala hakuna dawa ya kulifuta. Na wengi wa watoto hao wasikia yote yasemwayo juu yao katika nyumba, ila kinywa hakiwatii wapate kujibu.

Sasa angalieni. Jeraha halikui, lakini mtoto aliyelazwa mkekani mwaka baada ya mwaka huharibika mwili. Misuli iliyokazana hufupika, magoti hukunjika yasinyoke tena, mgongo hupinda, mfupa wa paja hutoka katika nyonga. Na lililo baya kuliko hayo ni kulishwa akiwa amelala chali. Uji humwingia njia ya pumzi, hukohoa, macho hutoa machozi, mama hufuta na kuendelea, kwa maana mtoto lazima ale. Uji ulioingia mapafuni huleta nimonia. Nimewazika watoto wawili wa namna hii. Katika msiba wa kwanza jamaa walisema ni husuda. Katika wa pili walisema Mungu amempumzisha mama yake. Daktari alikuwa amesema ni mapafu, mara zote mbili.

Kwa hiyo naanza na kiti. Kati ya vyombo vyote nitakavyovitaja, kiti ndicho cha kwanza, nacho ni kazi ya siku moja au mbili kwa seremala. Chukueni mbao mbili pana, ziunganishwe kama pembe ya chumba. Mtoto aketi ndani ya pembe hiyo. Kwa kuwa mbao zamkumbatia kutoka nyuma, mabega yake huja mbele na mikono yake hukutana kifuani, na mtoto ambaye mikono yake haikutana hawezi kushika kikombe. Nyonga zikunjwe sawasawa kama mtu aketivyo kwenye benchi, maana nyonga zikinyooka mwili wote hukakamaa na kuteleza mbele. Kati ya magoti huwekwa kipande cha mti kilichofunikwa kwa sponji ya godoro, miguu isivukane. Mbele huwekwa meza ndogo iliyokatwa mviringo kulizunguka tumbo. Nyayo zikanyage ubao, zisininginie. Mkanda wa kitambaa imara hupita juu ya mapaja, si shingoni wala tumboni.

Vipimo hupimwa kwa mtoto mwenyewe, havikisiwi kwa umri wake. Kina cha kiti ni toka makalio mpaka nyuma ya goti, ukipunguza upana wa vidole viwili. Kikizidi hapo, mtoto atateleza. Kikipungua, mapaja hayatashikwa. Kimo chake ni toka nyuma ya goti hata kisigino. Mara tu mtoto atakapoondolewa kitini, mama na atazame ngozi ya mgongo, ya makalio na ya vifundo. Akiona wekundu, au kwa ngozi yetu nyeusi mahali palipoiva na kuwa pa moto, usioondoka kwa nusu saa, kiti kirudi kwa fundi. Kidonda cha kukandamizwa huanza pole pole na hupona pole pole zaidi.

Mtoto aliyeketi hivi hulishwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinatoka mbele na si kutoka juu. Haya yote nayasema kirefu kwa sababu hapa ndipo uhai ulipo. Tena akiketi huona. Mtoto aliyelala chali maisha yake yote ameijua dari tu, na nyuso za watu walioinama. Mwekeni kitini uani, ataona kuku, ataona ndugu zake wakigombana, ataona mgeni akija kabla hajafika. Ameletwa kutoka Lo-debari.

Baada ya kiti huja kisimamio. Ni ubao uliosimamishwa wenye kilalio, na meza mbele ya kifua, na mikanda mitatu: ya kifua, ya nyonga, na ya magoti. Mtoto asiyeweza kusimama husimamishwa humo dakika chache kwanza, kisha huongezwa siku kwa siku hata nusu saa au saa nzima, kadiri asivyochoka. Mifupa huimarika kwa kubebeshwa uzito; matumbo nayo hufanya kazi yake vizuri; misuli ya nyuma ya mguu hunyoshwa. Lakini msimsimamishe mtoto kabla hajatazamwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana nyonga iliyotoka mahali pake yaweza kuumizwa zaidi. Sisi wachungaji hupenda kutoa ruhusa kwa mambo yote. Hapa ruhusa si yetu.

Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kukaa, kuna ubao wa kuyumbia. Ni ubao bapa, chini yake vimepigiliwa vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mviringo kama miguu ya kiti cha kubembea. Mtoto huketi au hupiga magoti juu yake, mtu mzima huinamisha upande mmoja taratibu, na mtoto hujirudisha katikati. Mwanzo hujirudisha kwa mkono, kisha kwa kiuno, kisha kwa shingo tu. Kazi hiyohiyo hufanywa kwa gogo lililoviringishiwa sponji, mtoto akalipanda kama punda (hapa punda hasa), au kwa mpira mkubwa wa hewa. Mpira huo una historia ya kupendeza. Aquilino Cosani, fundi wa Italia, aliutengeneza mwaka 1963 uwe kitu cha kuchezea watoto. Watu waliowahudumia watoto katika nchi ya Uswisi wakaona jinsi mtoto aliyelazwa juu yake atafutavyo mizani yake mwenyewe, wakauchukua kwa kazi yao. Huko London, Daktari Karl Bobath na mkewe Berta, wakimbizi waliozaliwa Berlin, walikuwa tangu miaka ya 1940 wakiwafundisha watu kumtazama mtoto wa namna hii kama mwenye mwendo wa kufunzwa, si kama kiungo cha kunyoshwa kwa nguvu.

Kwa atakaye kwenda, wekeni fito mbili sambamba uani, za mianzi au za mti laini uliosuguliwa, juu ya nguzo zenye panda, kimo cha kiuno cha mtoto, nafasi ya kumtosha kupita katikati akizishika zote mbili. Na kwa yule aendaye lakini huanguka, ubao mwembamba uliolazwa chini, aupite kama daraja. Ni hivyo tu. Mfundi hana haja ya kitu kutoka Ulaya.

Hili si neno langu tu. Katika kijiji cha Ajoya, nchi ya Mexico, wanakijiji wenye ulemavu walianzisha mwaka 1981 kazi iitwayo PROJIMO, wakawatengenezea wengine magongo, viti na visimamio kwa mbao na vyuma vya hapo hapo. David Werner, aliyefanya kazi pamoja nao, alikusanya maarifa hayo katika kitabu kikubwa chenye picha nyingi kilichotolewa mwaka 1987, nacho chapatikana katika hospitali zetu kadha wa kadha. Zimbabwe nako, mwalimu Bevill Packer aliwafundisha watu kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na karatasi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, zikigandishwa kwa uji wa unga. Kiti cha karatasi! Kikikauka vizuri hubeba mtoto, ila kisinyeshewe mvua. Nami nawaza juu ya karatasi zote zinazochomwa nyuma ya ofisi za sharika kila mwisho wa mwaka.

Yafaa niseme pia yale ambayo chombo hakiwezi. Mwaka 2013, Iona Novak wa Australia na wenzake walichunguza maandiko mengi ya wataalamu juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo, watenganishe yafaayo na yasiyofaa. Walionyesha kwamba linalomsaidia mtoto ni yeye mwenyewe kujaribu tendo analolitaka, mara nyingi, nyumbani, zaidi kuliko kugeuzwa-geuzwa na mikono ya mwingine huku yeye ametulia. Basi ubao wa kuyumbia uliosimamishwa ukutani ni ubao tu. Mtoto awekewe embe mahali ambapo mkono wake karibu ufike, lakini haujafika. Kaka yake aketi mbele yake na ngoma. Nimemwona msichana mmoja aliyekataa mazoezi yote ya hospitali kwa kilio, akanyosha mgongo wake mwenyewe juu ya gogo kwa ajili ya kumnyang'anya ndugu yake muwa.

Sasa nije kwenye maneno ambayo watu hunijibu.

La kwanza: kumchongea mtoto kiti, je, si kukata tamaa ya kuponywa? Neno hili naliheshimu, kwa kuwa mara nyingi hutoka kinywani mwa mama aliyefunga na kuomba, tena aliyepelekwa katika mikutano mingi ambako aliambiwa mwishowe kwamba imani yake ndiyo pungufu. Dada yangu, waliokwambia hivyo wamekutwika mzigo ambao Bwana hakuutwika mtu. Wanafunzi walipomwuliza juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, Bwana alikataa yote mawili. Wakumbukeni pia wale watu wanne wa Kapernaumu. Kabla ya neno la kusamehe na neno la kuponya palikuwa na kitanda, na mikono minne ya kukibeba, na dari iliyofumuliwa. Hakuna aliyewaambia ya kuwa kitanda ni upungufu wa imani. Tuendelee kuomba. Mtoto na aombewe akiwa ameketi.

La pili ni fedha, nalo hujibiwa upesi: tazameni hesabu za usharika wenu, mistari ya vipaza sauti na viti vya plastiki vya wageni.

La tatu halisemwi waziwazi, lakini nalisikia. Ni kwamba mtoto huyu hana faida. Kwamba labda si mtu kamili. Sisi Walutheri tusijifanye hatujui neno hilo. Wanafunzi wa Martin Luther, walioandika mazungumzo yake ya mezani, wanasimulia ya kuwa alipoona huko Dessau mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye ulemavu mkubwa, alimhesabu kuwa nyama isiyo na roho, akashauri atupwe mtoni. Wataalamu wengine wana shaka juu ya uandishi huo. Mimi nasema hata kama aliyanena, aliyanena kama mwana wa zama zake, kinyume cha katekisimo yake mwenyewe, ambayo katika amri ya tano yatudai si kuacha kuua tu, bali kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili wake. Mezani pa Luther mtoto yule hakupewa kiti. Mezani pa Daudi kiti kilikuwapo.

Wala Walutheri wote hawakunena hivyo. Wamisionari waliokuja Usambara wengi walitumwa na Misioni ya Betheli, nayo ilikuwa imefungamana na makao ya Bethel, Ujerumani, yaliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa. Kwetu Tanzania matunda yake ni Lutindi, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 hupokea wagonjwa wa akili. Kisha huko Ujerumani, mwaka 1940 na 1941, serikali ya Hitler iliwaua kwa gesi zaidi ya watu 70,000 waliokuwa wagonjwa wa akili au wenye ulemavu, kwa hesabu hiyohiyo ya mtu asiye na faida. Mkuu wa Bethel wakati huo, Fritz von Bodelschwingh, alikataa karatasi za kuwaorodhesha watu wake zisijazwe. Kazi ya kumhudumia mtoto asiyeweza kukaa, basi, imo katika urithi wetu tangu mwanzo, pamoja na shule na hospitali.

Wala si jambo la hisani tu. Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayowapa haki ya huduma na elimu. Lakini Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza mwaka 2022 ya kwamba katika nchi nyingine maskini, kati ya watu mia wanaohitaji vyombo vya namna hii, ni watatu tu wanaovipata. Waliobaki tisini na saba wana Siba wao.

Wa kuuliza wapo. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, pana chuo ambacho tangu mwaka 1981 chafundisha mafundi wa viungo bandia na vyombo vya kusaidia viungo. Kanisa letu lina kituo cha watu wenye ulemavu huko Usa River karibu na Arusha. Hospitali nyingi za mkoa zina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye, kwa kadiri nilivyoona, hufurahi sana akijiwa na seremala. Mtaalamu ajua mtoto ahitaji nini; seremala ajua mti utashika au hautashika. Mara chache watu hawa wawili hukutana, na usharika waweza kuwakutanisha kwa nauli ya siku moja.

Nanyi maseremala, neno kwenu. Mmetengeneza mimbari zetu, na madhabahu, na majeneza yetu. Kazi yenu ni wito, na Luther alifundisha hivyo wazi kuliko wote waliomtangulia. Lakini pembe za kiti cha mtoto zisuguliwe mpaka ziwe laini kuliko za mimbari, maana mhubiri hagongi kichwa chake humo mara kumi kwa siku. Misumari izamishwe. Rangi isiwe ile yenye risasi, kwa sababu mtoto ataramba meza. Tena nawaomba wazee msiandike jina la mfadhili mgongoni mwa kiti kama mfanyavyo kwenye mabenchi ya kanisa. Mtoto atakua, baada ya mwaka mmoja au miwili kiti kitakuwa kidogo, kitahamia nyumba nyingine, na kila nyumba iseme ni chetu.

Katika usharika wetu baraza la wazee limekubali kwamba sehemu ya mnada wa Sikukuu ya Mavuno mwaka huu itoke kwa kazi hii. Mwajua mnada wetu ulivyo: jogoo mmoja hununuliwa, hurudishwa, hununuliwa tena, hata jogoo mwenyewe huchoka. Kwa jogoo wa namna hiyo na mikungu michache ya ndizi mbao za msonobari zimekwisha kulipwa, nazo zimeanikwa chini ya paa la karakana zikauke. Tumepima watoto watatu. Viti vitatu vitatengenezwa, kisimamio kimoja, na ubao mmoja wa kuyumbia utakaokaa katika chumba cha shule ya Jumapili, ambako watoto wasio na ulemavu wameanza kuulizia lini na wao wataupanda. Nimewaambia watapanda wote, kwa zamu.

Yuko mtoto wa nne. Hatujampima, kwa sababu mama yake hajakubali bado atoke chumba cha nyuma, naye bibi yake amesema ya kuwa watu wataona. Nitakwenda tena Jumatano pamoja na mwinjilisti, na mmoja wa wale mama watatu amesema atafuatana nasi, amebeba mwanawe.